Nasaba ya Panga: Tarehe ya Jina na Chuma Chake

Panga ni chombo kilichozoeleka mno katika nchi yetu, hata watu hawaoni haja ya kuuliza jina lake limetoka wapi. Mkulima wa Mkuranga hulifyekea shamba, muuza madafu wa Kivukoni hulichongea dafu, mchoma mkaa hulikatia matawi, na mlinzi wa usiku huliweka chini ya kiti chake kwa kuwahofia wezi. Walakini jina hili fupi lina tarehe ndefu kuliko ya mji wowote wa pwani. Limeshuhudia chuma kikifuliwa na mababu katika tanuri za udongo, kikaja na majahazi ya Waarabu, kikaja tena na meli za Ulaya, kikafuliwa Ubungo na vijana wa Tanzania, na hatimaye kikarudi kuletwa kutoka ng'ambo. Chuma kimewabadili wenyewe mara nyingi, ilhali jina limebaki lile lile. Kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, na lina maana gani kwetu leo, ndiyo madhumuni ya makala haya.

Chuma kabla ya bandari

Aghalabu tumeambiwa kwamba vyombo vya chuma vililetwa Afrika ya Mashariki na wageni, na wenye kushika kauli hiyo hukitaja kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1 baada ya Kristo na mfanyabiashara asiyelitaja jina lake. Mwandishi huyo anaeleza kuwa bandari za Azania, ya mwisho ikiwa Rhapta, ambayo wataalamu wengi huiweka katika pwani ya Tanzania ya leo, zilipokea mikuki iliyofuliwa mahsusi huko Muza, katika nchi ya Yemen, pamoja na vishoka, visu vidogo, misharasi na vyombo vya kioo. Na kwamba majahazi yalirudi yamesheheni pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba.

Ushahidi huo ni wa kweli, ila ni nusu ya habari. Katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zilizokuwa zikiwaka kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Karibu nasi zaidi, mahali paitwapo Limbo, kusini ya Dar es Salaam, Profesa Felix Chami alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya karne zile zile za mwanzo ambazo Periplus inazisimulia. Maana yake ni kwamba jahazi lililotoka Muza na shehena ya vishoka lilifika katika nchi ambayo tayari ilikuwa na wahunzi, na mtu aliyenunua kisu cha mgeni alikuwa akikijua chuma, akijua kukinoa, na akiwa na jina la kukiita.

Karne nyingi baadaye habari hiyo ilithibitishwa na Waarabu wenyewe. Al-Masudi, msafiri wa karne ya 10, aliandika kwamba Wazanji walijipamba kwa chuma badala ya dhahabu na fedha. Na al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154 katika kisiwa cha Sicily, alieleza kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma cha Sofala kilisafirishwa hadi Bara Hindi, ambako mafundi walikisifu na kukifulia panga zilizo bora. Bara nako kazi haikulala: Wafipa walijenga tanuri ndefu kuliko kimo cha mtu, na Washana, ukoo wa wahunzi wa Ugweno katika milima ya Upare, waliwauzia Wachaga silaha na majembe.

Jina na ndugu zake

Kuna wanaodhani kwamba panga ni neno lililozaliwa na kitendo cha kupanga, kwa hoja kwamba anayefyeka huliweka shamba katika mpango. Dhana hiyo inapendeza sikioni, lakini kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu. Njia ya hakika ni kulitafuta neno lenyewe katika lugha za jirani na za mbali, kama walivyofanya wanazuoni wa lugha tangu Wilhelm Bleek alipoipa jamii hii ya lugha jina la Bantu mwaka 1862, hadi Malcolm Guthrie alipouchapisha ulinganisho wake mkubwa baina ya 1967 na 1971.

Tukifuata njia hiyo, twawakuta Wabemba wa Zambia wanausema upanga wa vita kwa jina la lupanga, na Wanyanja wa Malawi vivyo hivyo. Tofauti baina yao nasi ni l moja tu, kwa kuwa Kiswahili kiliidondosha l ya kiambishi cha kale lu-: ulimi wa kinywani ambao Mswahili huuita ulimi, Mbemba huuita lulimi. Twawakuta pia Washona wa Zimbabwe, ambao kisu kwao ni banga kikiwa kimoja, na mapanga vikiwa vingi, kwa wingi ule ule autumiao mchuuzi wa Kariakoo anapotaja bei ya jumla. Na popote tulikutapo neno hili, kuanzia Rufiji hadi ng'ambo ya Zambezi, maana yake ni chuma chenye makali, wala si mpango wala pango.

Kwa hiyo nasaba ya jina haina shaka. Ni jina la Kibantu, lililosafiri na wahunzi na wakulima wakati lugha zetu zilipokuwa zikitengana. Ni la rika moja na shoka na jembe, maneno ambayo nayo yana ndugu zake katika lugha nyingi za bara. Katika pwani neno hili liliota mizizi kiasi cha kuvipa vitu vingine jina: kishungi chekundu cha jogoo huitwa upanga, na samaki mwenye pua ndefu yenye meno pande mbili huitwa papa upanga na wavuvi wote wa mwambao huu.

Upanga wa wakubwa, panga la shamba

Yapo mambo mawili ya kutenganisha hapa, kwani msomaji atakuwa amekwisha kuona kwamba nataja mara upanga, mara panga. Upanga ni jina la silaha: ndilo waliloandika Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere wa Unguja katika vitabu vyao vya lugha, na ndilo lililomo katika tafsiri za Biblia. Wingi wake ni panga. Lakini Kiswahili kina desturi ya kukivua kitu kiambishi chake pindi kinapokuwa kikubwa au kizito kuliko kawaida: mlango mkubwa wa mji ni lango, kikapu kikubwa ni kapu, mguu wa kutisha ni guu. Kwa kanuni hiyo hiyo upanga mpana na mzito, usio na madaha, uliitwa panga, na wingi wake ukawa mapanga.

Katika zama za masultani wa Unguja tofauti hiyo ya sarufi ikawa pia tofauti ya daraja za watu. Upanga ulikuwa wa mabwana. Palikuwa na upanga wa felegi, mrefu, ulionyooka, wenye makali pande mbili. Palikuwa na kitara cha Waomani. Palikuwa na jambia na hanjari za kiunoni, zilizopambwa kwa fedha na kuvaliwa siku za Idi na za harusi. Majina mengi ya silaha hizo ni ya Kiarabu, kwa sababu yalikuja na watu waliozivaa. Panga halikuvaliwa na mtu. Baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja, na mikarafuu na minazi kuenea visiwani na mrimani, maelfu ya watumwa na wakulima walipewa kazi ya kufyeka vichaka na kupalilia mashamba ya wengine, na chombo walichokamata mkononi hakikuwa na ala ya ngozi wala pambo la fedha. Naona kwamba mashamba hayo ndiyo yaliyolitenga panga na upanga kwa jumla: jina la silaha likabaki barazani kwa wakubwa, na jina la chombo likaenda shamba pamoja na watu.

Tena tusidhani kwamba ilikuwa lazima jina la kienyeji lidumu. Msumbiji na Angola, chombo hiki hiki huitwa catana, neno ambalo Wareno walilichukua Japani na kulieneza katika makoloni yao. Buganda huitwa ejjambiya, neno lililochukuliwa kutoka jambia la pwani, ambalo asili yake ni Kiarabu. Katika pwani yetu, ambako Waarabu, Wareno, Wahindi na Wajerumani wote walipita na kila mmoja akaacha maneno yake, panga halikupata mrithi. Sababu yake ni kwamba jambia lilifika pamoja na matumizi yake mapya, bali kazi ya panga ilikuwa imo mikononi mwa watu kabla mgeni yeyote hajatia nanga; na aliyeleta chuma kipya ilimbidi kukiuza kwa jina ambalo mnunuzi alilijua.

Kutoka Mzizima hadi Kariakoo

Sultan Majid bin Said alipoanza kujenga mji mpya, Dar es Salaam, karibu na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, mahali ambapo leo pana ofisi za serikali za Kivukoni palikuwa na vichaka na minazi. Majid alifariki mwaka 1870, ndugu yake Barghash hakuushughulikia mji huo, na majani yakarudi mpaka Wajerumani walipoufanya makao makuu yao mwaka 1891. Ndipo ufyekaji ulipoanza upya, wa viwanja, wa njia za barabara, na baadaye wa reli ya kati.

Zama hizo za Wajerumani na za Waingereza waliowafuatia ndizo zilizomwondolea mhunzi riziki yake. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulienea Tanga na Morogoro, ukahitaji manamba kwa maelfu, na kila manamba alihitaji chombo. Mhunzi wa kijijini, mwenye mivukuto miwili na fuawe la jiwe, alifua mapanga machache kwa juma. Viwanda vya Ulaya vilipiga maelfu kwa siku kwa mashine za mvuke. Huko Birmingham, kampuni ya Ralph Martindale, iliyoanzishwa mwaka 1874, ilitengeneza mapanga yenye chapa ya mamba na kuyauza katika nchi za joto duniani kote. Bidhaa ilikuwa rahisi, nyepesi, ya namna moja, na tanuri za Ufipa na Ugweno zikapoa moja baada ya moja.

Vita vya kwanza vya dunia viliuachia mji wetu jina jingine la kazi. Waingereza walipouteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi kilipiga kambi katika jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga, na jina la kikosi hicho likageuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Mwaka 1927 Waingereza wakasimamisha sanamu ya Askari, ambaye singe ya bunduki yake imeelekezwa bandarini. Singe nayo ni makali, na jina lake ni la Kihindi, lililoingia pamoja na majeshi. Ukisimama hapo penye sanamu, kati ya Kivukoni na Kariakoo, huku mtaa wa Upanga ukiwa si mbali, unaiona tarehe nzima ya makali katika umbali wa mtu kutembea kwa miguu: jina la kigeni limekaa juu ya nguzo, na jina la kienyeji limo mitaani na sokoni.

Jaribio la mwisho la wakoloni kuliondoa panga katika kazi lilikuwa mpango wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ulioanza mwaka 1947. Walileta matrekta, wakageuza hata vifaru vya vita kuwa mashine za kung'olea miti. Ardhi ngumu na mizizi ya vichaka ikavishinda, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Wagogo wa Kongwa waliendelea kulima kwa jembe na panga, kama walivyokuwa wakilima kabla ya mashine kufika.

Miaka ya damu

Siwezi kuandika tarehe ya panga kwa uaminifu nikaiacha sura hii. Serikali ya Kenya ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa msituni walioipinga wenye bunduki walikuwa wachache, na wengi walishika kile walichokuwa nacho nyumbani. Magazeti ya London yakalibeba neno panga mpaka mezani kwa wasomaji ambao hawakupata kuliona shamba la Afrika, na likakaa katika Kiingereza likiwa limetiwa rangi ya hofu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, huko Unguja, mapinduzi nayo yalianza kwa mapanga, mashoka na mikuki kabla ya bunduki za bohari za polisi kutwaliwa. Na mwaka 1994, nchini Rwanda, chombo ambacho Wanyarwanda hukiita umupanga kilitumika kuwaua majirani, na ulimwengu wote ukalisikia jina hili katika maana yake mbaya kabisa.

Taathira ya miaka hiyo ni kwamba panga, lililojitenga na upanga kwa kwenda shamba, lilirudishwa vitani kwa nguvu. Nalisema jambo hili kwa huzuni, kwa sababu mikono iliyoshika makali hayo ilikuwa, siku chache kabla, ikifyekea migomba. Nembo ya taifa letu ilichagua kuonyesha jembe na shoka, vyombo viwili vya amani. Panga halimo, na kwa hesabu ya siku zile nadhani ilikuwa busara. Lakini dhambi ya mwuaji haiandikwi juu ya chombo, wala jina la kazi ya watu wengi halistahili kutekwa na maovu ya baadhi yao.

Kiwanda cha Ubungo

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitangaza kujitegemea, na haikuwezekana taifa la wakulima lijitegemee huku likiagiza vyombo vyake vyote vya shamba kutoka Uingereza. Ndipo kilipojengwa, kwa msaada wa China, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, kilichojulikana na wote kwa jina la UFI, ambacho katika miaka ya 1970 kilitengeneza majembe, mapanga na mashoka kwa nchi nzima. Baadaye kikafuata kiwanda cha Zana za Kilimo cha Mbeya. Kwa mara ya kwanza tangu tanuri za wahunzi zilipopoa, jina na chuma vilikutana tena katika nchi moja: panga lililoandikwa UFI liliuzwa Kariakoo, likapelekwa Sumbawanga, na mkulima wa huko akalinunua akijua kwamba limepigwa Ubungo na mikono ya wenziwe.

Walakini furaha hiyo ilikuwa na upungufu ndani yake, kwani chuma chenyewe cha kufulia kiliendelea kuagizwa nje, na kila fedha za kigeni zilipopungua, mashine zilisimama. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1986, mapanga ya China na ya Bara Hindi yakamiminika kwa bei ambayo kiwanda chetu hakikuiweza, na UFI kikadhoofika, kikapatwa na pigo lile lile lililompata mhunzi wa Ufipa miaka mia iliyotangulia.

Jina letu, chuma cha wengine

Nenda leo Kariakoo, katika maduka ya vifaa vya shambani, utayakuta mapanga yamefungwa kwa kamba, kumi kumi, yangali na mafuta ya kiwandani. Mnunuzi anayejua hachukui lililo juu. Hulivuta moja, hulipindisha kidogo kwa mikono miwili aone kama litarudi mahali pake, huligonga bapani kwa kidole na kusikiliza mlio, hutazama ribiti za mpini kama zimekaza, kisha hununua na tupa, kwa kuwa panga jipya huja butu na makali yake hutiwa na mwenyewe. Pale Gerezani wahunzi wa sasa bado hufua mapanga kwa springi za magari makuukuu, na wakulima wanaoyajua huyapenda, kwa kuwa chuma cha springi hushika makali siku nyingi kuliko bati gumu la dukani.

Teremka hadi Kivukoni, karibu na feri, umtazame muuza madafu aliyeegemeza baiskeli yake kivulini. Hulilaza dafu katika kiganja cha kushoto, hulichonga kichwa kwa mapigo ya haraka yanayopita karibu na vidole vyake bila kuvigusa, hufungua kilango kwa ncha, na ukimaliza kunywa hulipasua vipande viwili, akakukatia kijiko cha ganda cha kukombea nyama yake laini. Ustadi huo haukuandikwa katika kitabu chochote, na hakuna kiwanda cha ng'ambo kinachoweza kuuleta katika kontena. Kilichokuja na meli ni chuma tu.

Basi nasaba hii inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba jina hudumu pale ambapo kazi imedumu mikononi mwa watu, na kwamba mara mbili tumepoteza ufuaji, si kwa uvivu wala ujinga, bali kwa kuacha chuma chenyewe kitoke kwa wengine. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Nami naongeza kwamba mwenye kukifua hicho kisu ndiye apangaye bei ya nyama. Katika milima ya Liganga, wilayani Ludewa, imelala akiba kubwa ya mawe ya chuma, na makaa ya Mchuchuma yako jirani nayo. Mababu waliokuwa na udongo, mkaa wa miti na mivukuto ya ngozi waliyeyusha chuma chao wakakiita panga. Sisi tulio na umeme, vyuo na wahandisi hatuna udhuru wa kurithi jina lao huku tukiiacha kazi yao. Panga la mjukuu lipigwe kwa chuma cha Ludewa, katika kiwanda cha nchi hii, ili tarehe ya jina na tarehe ya chuma ziwe tena tarehe moja.